Mama Aliyezikwa Kwenye Kaseti

Fundi Sospeter amefariki. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa mezani, nikasema pole kama inavyopasa, nikaweka simu chini na kumalizia chai yangu na muhogo wa kuchemsha. Sikuona sababu ya kuuacha upoe.

Aliyenipigia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Frolida, kijana wa muziki wa kompyuta. Alisema familia ya marehemu imemwomba atengeneze wimbo wa kumuaga mzee, kwa kuwa huko Ngara wanamhesabu kuwa mtu wa kwanza kuchanganya muziki, kabla hata ya kompyuta kufika. Kwa hiyo anakusanya sauti. Kila aliyemfahamu marehemu arekodi maneno machache kwenye simu, yeye atayakata na kuyapanga juu ya mdundo, na nyuma yake ataweka kipande cha kazi ya mzee mwenyewe. Wao kukata huko wanakuita kusampo. Nilimwambia nitafikiria. Nilidanganya, maana hapakuwa na cha kufikiria. Kutoka kwangu hatapata hata kikohozi.

Kijana hana kosa, hajui. Mama yake hakuwahi kumwambia, na mimi nilidhani mambo haya yangekufa na sisi. Lakini wakishaanza kumtengenezea mtu yule wimbo wa sifa, siwezi kukaa kimya. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliowahi kukaza utepe wa kaseti kwa kalamu na mnaokumbuka harufu ya kibanda cha fundi redio: lehemu inayoungua, betri ya gari iliyoachwa wazi, plastiki iliyopata jua mpaka ikalainika. Harufu hiyo ikinipata popote, hata leo, najikuta nimekunja ngumi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi, wakavuka kutoka Rwanda, na vilima nilivyovijua vikiwa na nyasi vikageuka mahema hadi macho yanapoishia. Sisi wa Kirushya tulikuwa na ndizi na maharage. Wao walikuwa na unga wa njano na mafuta ya kopo. Kando ya barabara likaota soko, na kila mwenye akili ya biashara akajisogeza hapo, wauza sabuni, wauza mitumba, wasaga nafaka. Fundi Sospeter naye akaja kutoka upande wa Biharamulo na redio zake amezifunga kwenye baiskeli. Akajenga kibanda cha turubai na mabati, juu yake akapachika spika ya tarumbeta, na tangu siku hiyo soko halikunyamaza tena.

Sitamnyima haki yake. Alikuwa hodari, na hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi. Alikuwa na redio kaseti zake ameziunganisha kwa nyaya alizozisuka mwenyewe, na kidole chake kilikaa juu ya kile kitufe cha kusimamisha utepe muda wote. Hapa alichukua gitaa la Kizaire, pale ngoma za sherehe za Kirundi, akachomeka kengele ya kanisani, akachomeka lori linaloguna likipanda mlima. Wimbo mtu aliousikia redioni jana, leo ulitoka pale una miguu mingine na kichwa kingine, na watu walisimama wakaucheza na mizigo yao kichwani. Sisi watoto tulikaa mbele ya kibanda mpaka tukafukuzwa. Yeye hakutufukuza. Alipenda kutazamwa, na alitueleza kila alichokuwa akifanya, hiki ni cha kurekodi, hiki ni cha kusimamisha, ukikiachia mapema neno linakatika mkia. Mimi nilikariri yote.

Mama yangu alikuwa muimbaji wa maharusi. Wageni wa desturi zetu wawaelewe waimbaji hawa vizuri, maana kisa chote kimelala hapo. Siku binti anapotolewa nyumbani, kabla hajavuka ua, anaketishwa mkekani na mwanamke mmoja anamwimbia. Wimbo una sehemu zake. Kwanza ni utani: bwana harusi anasemwa miguu yake, ng'ombe wanatajwa, shamba la migomba linasifiwa, mashangazi wa upande wa pili wanachokozwa. Kisha sauti inashuka na muimbaji anakuwa mama mwenye kuachwa. Nani atanichotea maji, nani atanipikia nikiugua, nenda mwanangu, usitazame nyuma. Hapo bibi harusi sharti alie, na asipolia watu watasema ana uso mkavu. Akishalia vya kutosha, vigelegele vinapigwa na wimbo unamalizika kwa kicheko. Kilio kile kimekaa katikati ya furaha, kina furaha mbele na furaha nyuma. Mama alisifika kwa kipande hicho cha katikati. Wazee wanaume walijifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Dada yangu Frolida alipoolewa kwenda Nyantakara, mbali kule Biharamulo, mama alimwimbia mwanawe mwenyewe. Fundi Sospeter alikuwepo. Alimwambia mama kwamba ataurekodi wimbo uwe kumbukumbu ya bibi harusi, aende nao ugenini. Aliweka redio yake kwenye kigoda, akanyamazisha watu, na mama akaimba kama sijamsikia akiimba tena. Baada ya siku kadhaa tulipofuata kaseti, fundi alishika kichwa na kusema mashine imeutafuna utepe, pole sana, ndiyo mambo ya vyombo. Mama akamfariji. Alimfariji yeye, mnasikia, akamwachia na mkungu wa ndizi.

Nilikuwa nimeshika kitenge cha mama siku tulipoisikia sauti yake ikitoka juu ya paa. Tulikuwa sokoni, tunauza. Kwanza nilifurahi. Nilimtazama nikicheka, nikitaka watu wote wajue kwamba aliye kwenye tarumbeta ndiye huyu hapa mwenye beseni. Lakini wimbo haukuwa wetu. Utani haukuwepo, ng'ombe hawakuwepo, vigelegele havikuwepo. Kilibaki kile kipande cha katikati peke yake, kikizungushwa na kurudiwa, genda mwana wanje, nenda mwanangu, usitazame nyuma, nani atanichotea maji, na chini yake ngoma moja nzito, na gitaa la mbali, na mwishoni mtoto mchanga akilia. Wanawake wa kambini waliacha walichokuwa wakinunua. Wengine walikaa chini kabisa, kwenye vumbi, wakajifunika nguo kichwani.

Mama alikwenda kibandani, na mimi nikamfuata. Alimsalimu fundi kwanza, kwa adabu, kisha akamuuliza kama huu si wimbo wa Frolida. Fundi hakuinua hata macho kutoka kwenye nyaya zake.

"Mama Frolida," alisema, "sauti zinafanana."

Tulirudi nyumbani. Baba alisema tuachane naye, ni wimbo tu, na sauti ikishatoka mdomoni haina hatimiliki. Lakini haukuwa wimbo tu, maana kaseti ile iliuzwa na hadithi. Fundi alijua kwamba watu waliopoteza watu wao hawanunui sauti, wananunua marehemu. Basi akamuua mama yangu. Kila mteja fundi alimuuliza kwanza ametoka wapi, kisha, kwa hadithi yake, akamuua mama mahali panapomfaa mteja huyo. Kaseti ikaingia kila hema. Kambini wakaanza kuipiga penye misiba, mtu akifa inawekwa yeye akisindikizwa, na habari hiyo ikapanda vilima mpaka kwetu.

Hapo ndipo wenye harusi wakakoma kumwita mama. Jirani yetu aliyekuwa ameshamwomba mama amwimbie bintiye alikuja na mzunguko mrefu wa maneno, kwamba mambo yamebadilika, kwamba binti ataimbiwa na shangazi. Mwingine hakuja kabisa, tulisikia tu vigelegele vikitoka ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyetukana. Walikuwa wanaogopa tu, kama mzazi yeyote angeogopa, kumtoa mwanao nyumbani kwa sauti ambayo jana ilikuwa inazika. Mama hakumlaumu mtu. Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kuimba akipalilia, akiimba akimenya ndizi, akiimba akitafuta kuni, na sasa nyumba ilikuwa kimya hadi tukawa tunasikia kuku wakitembea.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, ya mtoto. Niliamini mashine ya fundi ilikuwa imeinyonya. Niliwahi kuona ndizi zikikamuliwa kwa majani, maji matamu yakitoka na makapi yakibaki, na nilijua makapi hayawezi kukamuliwa tena. Nikaona ndivyo ilivyomtokea mama. Kila kaseti iliyouzwa ilikwenda na tone lake, na zikizidi kuuzwa ataishiwa hata na sauti ya kuongea. Nilikuwa nikimsemesha ovyo ovyo, mama hiki nini, mama kile nini, ili nisikie kama bado imo.

Msimu wa kuvuna maharage alikuja nyumbani kwetu mwanamke wa Kirundi aitwaye Spes. Wengi walitoka kambini wakaja kulima na kuvuna kwa chakula, wakilala kwenye mabanda ya watu. Spes alikuwa na kitoto cha mgongoni, na alikuwa na redio kaseti ndogo aliyoivusha mpakani akiwa ameifunga kwenye kitenge, kitu pekee cha nyumbani kwake kilichobaki kizima. Siku moja alikwenda kisimani akakiacha kitoto kwa mama. Kikalia. Mama akakibembeleza, akasahau, akaanza kuimba kidogo kidogo, ile ile sehemu ya katikati, kwa sauti ya chini.

Spes alirudi na ndoo kichwani. Alisimama mlangoni. Aliitua ndoo taratibu, maji yakamwagikia miguuni, naye hakuyaangalia.

"Ni wewe?" aliuliza. "Mama, mimi nimekulilia wewe. Nimekulilia miezi."

Akatuambia yote. Alikuwa na kaseti ile kwenye mzigo wake. Fundi alimuuliza ametoka wapi, na alipotaja kilima cha kwao, fundi akamwambia kwamba muimbaji alikuwa wa kilima hicho hicho, na kwamba alizama mto Ruvubu akiwa na mtoto mgongoni. Mama mzazi wa Spes alipotelea kwenye mto huo. Hawakuona mwili. Spes akaichukua sauti ya mama yangu akaifanya ya mama yake, akawa anaisikiliza kila jioni ili apate mahali pa kulia. Sasa mahali pake pa kulia palikuwa pamekaa mbele yake, pana kitoto chake mapajani. Hakufurahi kwamba mama yu hai. Alikasirika, na nilimpenda kwa hasira ile. Alisema mtu yule amemwibia marehemu wake.

Usiku ule sikuwa na la kufanya, lakini asubuhi nilimwomba Spes redio yake. Nilitaka kujua inanyonya namna gani. Nilimvizia jogoo wetu, nikabonyeza vitufe kama nilivyomwona fundi akifanya, jogoo akawika, nikamrekodi. Kisha nikajuta, maana jogoo alikuwa wa baba. Nilishinda nimemkalia mbele, nikingoja aishe. Akawika. Nikampigia kaseti, akajisikia mwenyewe, akakasirika akawika zaidi ya mwanzo. Jogoo hakuwa amepungua hata chembe.

Hapo nilielewa, na sijui kama mnaelewa jinsi nilivyoelewa. Mashine haikuchukua kitu. Sauti ya mama ilikuwa imo yote, imekaa kifuani mwake, na aliyeifungia humo hakuwa mashine bali mtu, anayekula ndizi zetu na kutuchekea. Mpaka siku hiyo nilikuwa na hofu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na chuki, na niseme wazi kwamba chuki ilikuwa nyepesi kubeba kuliko hofu.

Mama hakutaka vita. Spes alimsihi, mimi nilimsihi, yeye alisema Mungu anaona. Kilichombadilisha kilikuja kwa miguu. Mchana mmoja tulisikia mtu akilia kutoka barabarani, kilio cha msiba, kikipanda kuja kwetu. Alikuwa Frolida. Amefunga kitambaa cha msiba kichwani, miguu imevimba, amedandia lori kutoka Nyantakara na kutembea iliyobaki. Kaseti ilikuwa imefika huko na wachuuzi. Aliusikia wimbo wake mwenyewe wa harusi umefanywa wimbo wa maziko, akamuuliza mchuuzi, mchuuzi akamwambia muimbaji alikufa kwa kipindupindu. Aliingia uani akamkuta mama amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Alianguka. Mama alimshika, akamfungua kile kitambaa kichwani, akakitazama muda mrefu, akakitia motoni. Kisha akamgeukia Spes na kumuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama kile kijiredio chake kinaweza kurekodi kikiwa ndani ya kikapu.

Kiliweza. Spes alikiweka chini, juu yake akapanga kabichi, nami nikashika upande wa pili wa kikapu. Tulikwenda sokoni tukasimama kibandani kama watu wanaopumzika. Nilimwamkia fundi, shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekuja kujifunza. Nilisema ndiyo. Haukuwa uongo. Kila mteja alipokuja, Spes aliinama kurekebisha kabichi na kidole chake kikabonyeza. Fundi aliuza vizuri sana. Kwa Mrundi mmoja, mama alizama mtoni. Kwa mwanamke mmoja wa Kinyarwanda, mama alifia darajani Rusumo, na fundi alikuwa naye. Kwa dereva wa lori, mama aliondoka kwa kipindupindu mara tu baada ya kurekodi. Na kila mara, akiona mtu anasitasita, aliweka mkono kifuani na kuongeza: nilimwona kwa macho yangu.

Kazi ya kukata niliifanya mimi. Baba alikuwa na redio kaseti ya kusikilizia taarifa ya habari, na alipokuwa shambani tuliileta jikoni, tukaiweka ielekeane na ya Spes. Moja ikasema, nyingine ikasikiliza, na kidole changu kikakaa juu ya kitufe cha kusimamisha. Nilikata vibaya, nikarudia. Niliachia mapema, neno likakatika mkia, nikamkumbuka mwalimu wangu na kurudia tena. Kuku waliingia ndani wakasikika, tukawaacha. Ilikuwa hivi, sauti ya mama nikiitoa kwenye ile kaseti ya Spes: fundi anasema alizama Ruvubu, nilimwona, na mama anaimba genda mwana wanje. Fundi anasema alifia darajani, nilimwona, na mama anaimba. Fundi anasema ni kipindupindu, nilimwona, na mama anaimba. Kisha nikamkata pale penye nilimwona na kupanga mfululizo, nilimwona, nilimwona, nilimwona, mpaka likaacha kuwa neno likawa ngoma. Spes alicheka hadi akashikilia ukuta. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Mwishoni tulimwomba mama aimbe. Akakataa, akasema kuimba kwake hakuingii kwenye chombo tena. Lakini alisogea karibu, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema maneno yake, na Frolida akayarekodi.

Siku ya gulio soko lilijaa. Fundi alikuwa na mazoea ya kuwapigia wateja kaseti zao kwenye tarumbeta, kuwaonyesha kwamba sauti ni safi. Spes alimpelekea ya kwetu na kumwomba aijaribu, ni ya ndugu yake, hana uhakika kama ni nzima. Fundi aliipokea, akaipuliza vumbi, akaitumbukiza mwenyewe na kubonyeza mwenyewe. Nataka hilo mlikumbuke. Hakuna aliyemshika mkono.

Sauti yake ilitoka juu ya paa ikaenea soko zima. Mwanzoni watu hawakujali, walimzoea. Alipomuua mama kwa mara ya pili, wachache waligeuka. Alipomuua tena, wanawake walianza kutazamana, wa kambi na wa vilima, kila mmoja akikumbuka kifo alichouziwa yeye. Kisha ikaja nilimwona, nilimwona, nilimwona. Fundi alirukia mashine, lakini alikuwa amezisuka nyaya zake kwa ujanja mwingi hadi akababaika aanze na ipi, na alipoipata, sauti ya mama ilikuwa imeshatoka, kavu, haina ngoma chini yake wala gitaa: "Mimi ni Mama Frolida, wa Kirushya. Sijafa. Leo nimepukuchua maharage."

Mama alikuwa amesimama pale pale, na beseni lake.

Hakuna aliyempiga. Wengine watawasimulia kwamba alipigwa, ni uongo, na mimi nilikuwepo nikisubiri apigwe. Mwanamke mmoja alirudi kambini, akaja na kaseti yake, akaiweka mezani kwa fundi. Akafuata mwingine. Waliziweka mpaka meza ikajaa, wakaanza kuziacha chini. Hawakudai warudishiwe chochote. Wengine walikuwa wakilia upya, na hicho ndicho kilio ambacho sijamsamehe hadi leo, maana wafu wao walizikwa na kufukuliwa na mtu mmoja. Watoto nao walikuwa na kazi yao. Fundi akipita na baiskeli, kutoka kila mgomba sauti ndogo ilisema nilimwona, nilimwona, nilimwona. Ngoma niliyoitengeneza jikoni ilimfuata mpaka Mabawe. Katika maisha yangu nimefanya kazi nyingi za kusifiwa, sijafanya nyingine iliyonifurahisha kiasi kile.

Haikupita muda jirani alirudi, yule wa mzunguko mrefu wa maneno. Alikuwa na binti wa pili. Safari hii hakuzunguka, aliomba mama amwimbie, na mama akakubali.

Siku chache kabla ya harusi hiyo, mchana, fundi alikuja kwetu. Hakuwa na baiskeli. Alipiga hodi uani, na mimi nilimwona kupitia upenyo wa mlango wa jikoni, amevaa shati la Jumapili, ameshika kaseti mkononi. Mama alikuwa anasonga ugali. Frolida alikuwa amesharudi kwa mumewe, na Spes alikuwa shambani. Hodi ikaja tena. Mama hakugeuka.

"Mwambie kwamba mama yako amekufa," alisema.

Nikatoka. Nilimwamkia, shikamoo, maana hata kwa mtu kama yule salamu ni salamu. Akaitikia. Akaniuliza mama yupo. Nikamwambia, mama alikufa, fundi, wewe si ulimwona. Alifumba macho kidogo. Akasema amemletea kaseti ya harusi, nzima, toka mwanzo mpaka vigelegele, haikuwahi kutafunwa. Akasema soko limemkataa, anataka tu mama aseme mbele ya watu kwamba yamekwisha, neno moja, ili aweze kubaki. Alininyooshea kaseti. Nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na sikumkaribisha kiti.

Ndipo mama alipoanza kuimba, huko ndani, penye moshi. Alianza mwanzo kabisa, kwenye utani. Aliimba miguu ya bwana harusi, akaimba ng'ombe mmoja mmoja, akaimba shamba la migomba na mashangazi wenye maneno, sauti yote, ile ya kupita bonde. Fundi alisimama. Nilimwona uso ukilegea, akawa si mtu aliyekuja kuomba, akawa mtu wa kazi anayesikia kitu kizuri, na kichwa chake kikaanza kuhesabu, kwa sababu alijua kinachofuata. Alikijua kuliko mtu yeyote. Mama aliishusha sauti, chini, chini zaidi, mpaka pale penye mlango wa kile kipande.

Akanyamaza.

Fundi alingoja. Alisogea hatua moja kuelekea jikoni, shingo ameinyoosha, mdomo wazi kidogo. Kutoka ndani ulisikika mwiko tu, ukigonga chungu. Alingoja sana. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, na mimi na mama tukala.